Santuri za Hawaii na Waimbaji Wasiotajwa wa Ufipa

Makala haya yanahusu jambo dogo linaloandikwa katikati ya santuri, kwenye ile karatasi ya duara inayozunguka pamoja na sahani nyeusi: jina la aliyeimba na jina la aliyepiga. Wapenzi wa muziki huitupia jicho karatasi hiyo, kisha huishusha sindano na kusikiliza. Mhakiki, lakini, hana pa kuanzia pasipo jina. Bila ya jina hawezi kuulinganisha wimbo wa mtu na wimbo wake mwingine, hawezi kusema hapa amepanda na hapa ameteleza, wala hawezi kujua nani alimfunza nani. Nimekusudia kulijadili jambo hili kwa kuziweka pamoja nchi mbili ambazo msomaji hatarajii kuziona katika ukurasa mmoja: visiwa vya Hawaii katikati ya bahari ya Pasifiki, na uwanda wa juu wa Ufipa, mkoani Rukwa, baina ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa. Mwangwi wa muziki wa visiwa vile uliufikia ukanda wa uwanda huu kwa njia za kuzunguka, na hata leo twaweza kuwataja walioupiga. Nyimbo za uwanda wenyewe, aghalabu, hutujia kwa jina la kabila tu.

Tuanze na Hawaii. Gitaa halikuzaliwa huko. Wachunga ng'ombe kutoka Mexico walilipeleka katika miaka ya 1830, na wenyeji wakazilegeza nyuzi zake hata wakapata mapatano yao wenyewe. Mwaka 1879 meli iliyoitwa Ravenscrag ilishusha vibarua wa mashamba ya miwa kutoka kisiwa cha Madeira, na kigitaa chao kidogo kikageuka kuwa ukulele. Kisha akatokea kijana wa Laie, kisiwani Oahu, Joseph Kekuku, aliyezaliwa mwaka 1874. Inasimuliwa kuwa alianza kwa kuuteleza msumari mnene wa chuma juu ya nyuzi, akapendezwa na mlio wake, akaendelea kuutengeneza ufundi huo hadi akalilaza gitaa mapajani na kulipiga kwa kipande cha chuma mkono wa kushoto. Aliondoka kwao mwaka 1904, akazunguka Marekani na Ulaya akipiga na kufundisha, akafariki New Jersey mwaka 1932. Hakurudi kuishi kisiwani kwake, lakini mlio wake ulienea dunia nzima.

Mlango mkubwa ulifunguka mwaka 1915, yalipofanyika maonyesho ya kimataifa mjini San Francisco, ambako mamilioni ya wageni walipata fursa ya kuwasikia wanamuziki wa Hawaii. Kampuni za santuri hazikuchelewa. Frank Ferera, mzaliwa wa Honolulu mwenye asili ya Kireno, alirekodi mamia ya nyimbo. Sol Hoopii, aliyezaliwa Honolulu mwaka 1902, alifika California akiwa kijana wa kujificha melini, na katika miaka ya 1920 akawa bingwa wa fani hiyo mjini Los Angeles. Mwaka 1938 aliiacha dunia ya kumbi za starehe, akalitumia gitaa lake katika mikutano ya Injili hadi alipofariki mwaka 1953.

Anayewasikiliza wawili hawa kwa mfululizo atatambua kuwa "muziki wa Hawaii" si kitu kimoja. Ferera hulifanya gitaa liimbe kama mwimbaji mpole: huifuata sauti ya wimbo, huinama palipo na huzuni, na ni nadra kuiacha njia. Hoopii ni mjibizanaji. Huutaja wimbo mara moja, kisha huugeuza, huuharakisha, huukatiza, na huutania, kama malenga anayepewa kiitikio na kukirudisha kikiwa na mapambo mapya. Alijifunza kwa wapiga jazi na akawarudishia deni lao. Tofauti hii twaweza kuieleza kwa sababu moja: karatasi ya santuri imetuambia huyu ni nani na yule ni nani. Lau karatasi zote zingeandikwa "ngoma ya Hawaii" na basi, tungesikia tofauti, lakini tusingekuwa na mtu wa kumsifu wala wa kumlaumu.

Hata hivyo, karatasi hiyo haikusema yote, na hapa ndipo mpenzi wa mashairi anapopaswa kutega sikio. Utenzi wa Hawaii una mambo mawili yatakayomfurahisha msomaji wa pwani. La kwanza ni kile wanachokiita kaona, yaani maana iliyofichwa chini ya maana. Maporomoko ya maji huwa ni mpenzi, mvua huwa ni faragha, ua huwa ni mtu ambaye mji mzima unamjua lakini hakuna anayemtaja. Tungo za aina hiyo hazihitaji kuelezwa kwa watu waliokulia katika mafumbo ya taarabu. La pili ni kuwepo kwa nyimbo za jina, tungo zinazotungwa kumtukuza mtu mmoja mahsusi, zikabaki kuwa zake na za kizazi chake. Hivyo, katika asili ya ushairi huo, jina ni mali, na fumbo ni adabu.

Santuri zilipovuka bahari, vyote viwili vililegea. Msikilizaji wa ng'ambo hakujua Kihawaii. Alichokipokea ni mteremko wa sauti ya chuma juu ya uzi, akauita ndoto, pwani, mnazi na mwezi. Watunzi wa Marekani wakaanza kuandika nyimbo za Kiingereza zenye picha hizo, na waimbaji wa Hawaii wakalazimika kuziimba ili wapate riziki. Wimbo wa Aloha Oe ndio mfano ulio wazi. Watu wengi duniani wameusikia kama wimbo wa kuwaaga watalii. Mtunzi wake ni Liliuokalani, malkia aliyepinduliwa mwaka 1893, akafungwa ndani ya kasri yake mwenyewe mwaka 1895, na nchi yake ikachukuliwa na Marekani mwaka 1898. Katika kipindi hichohicho, mwaka 1896, sheria ilikifanya Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia shuleni, na Kihawaii kikasukumwa pembeni. Sauti ilikuwa ikisafiri kwenda kila bandari wakati maneno yake yakifukuzwa madarasani. Msikilizaji asiyelijua hilo amesikia nusu ya wimbo.

Sasa tuitazame njia iliyouleta muziki huo kwetu. Njia ya kwanza ni ya bahari, na watu wa visiwani wanaijua. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, na santuri zake zikawa miongoni mwa za mwanzo kubeba Kiswahili na jina la mwanamke wa Kiswahili kwa pamoja. India hiyohiyo ililipokea gitaa la Hawaii kwa mikono miwili. Tau Moe, mzaliwa wa Samoa aliyelelewa Hawaii, na mkewe Rose, walikaa Calcutta katika miaka ya 1940 wakipiga na kufundisha. Baadaye Van Shipley alilifanya gitaa hilo la umeme kuwa sauti inayojulikana katika muziki wa filamu za Bombay. Na filamu hizo, kama tujuavyo, zilijaza majumba ya sinema ya Unguja na Mombasa, na sauti za nyimbo zake zikavishwa mashairi ya Kiswahili. Juma Bhalo wa Mombasa alilijenga jina lake kwa mtindo huo. Haikuwa ajabu sikio la pwani kuupokea mteremko ule. Udi hauna vyuma shingoni vya kutenganisha sauti, wala fidla haina. Vidole huteleza kutoka sauti hii hadi ile bila ya kuvuka kizingiti. Mpwani alikuwa amezoea kilio hicho kabla ya kukisikia katika gitaa.

Njia ya pili ni ya bara, nayo haisimuliwi sana. Sumbawanga, mji ambao jina lake hufasiriwa na wenyeji kuwa ni amri, "tupa uchawi", umekaa juu, kiasi cha mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, mahali pa baridi, upepo na nyasi. Kutoka hapo bahari ya Hindi ni mbali sana, lakini Zambia iko karibu, na Kongo iko ng'ambo ya ziwa. Walungu na Wamambwe, majirani wa Wafipa, wanaishi pande zote mbili za mpaka. Kwa miongo mingi meli ya Liemba ilitia nanga Kipili na Kasanga ikielekea Mpulungu. Vijana wa Ufipa walikwenda kufanya kazi katika migodi ya shaba ya kusini, na wengine katika mashamba ya mkonge ya Tanga. Katika ukanda huo wote, gramafoni ilikuwa miongoni mwa mali ambazo mtu wa migodini alirudi nazo kwao kuonyesha kuwa safari yake haikuwa bure.

Redio nayo ilifanya kazi yake. Mwaka 1949 ilianza kuuzwa Rhodesia ya Kaskazini redio ya betri ya bei nafuu iliyotengenezwa kwa ajili ya wasikilizaji Waafrika, nayo ikaitwa redio ya sufuria kwa umbo lake. Kwa sadfa ya kuchekesha, moja ya magitaa ya umeme ya mwanzo kabisa, lililotolewa California mapema katika miaka ya 1930 kwa ajili ya wapigaji wa mtindo wa Hawaii, liliitwa kikaango. Vyombo viwili vya jikoni vilibeba muziki wa karne. Katika kituo cha Lusaka alikuwepo Alick Nkhata, mzaliwa wa Kasama mwaka 1922, mtangazaji, mwimbaji na mpiga gitaa, aliyewahi kufanya kazi pamoja na mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey. Aliimba Kibemba na Kinyanja juu ya mapenzi, mji na pesa. Kasama si mbali na Ufipa kuliko ilivyo Dodoma, na mawimbi ya redio hayaombi pasi mpakani.

Upande wa Kongo mambo yalikuwa makubwa zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Zacharie Elenga, maarufu kwa jina la Jhimmy, alirekodi mjini Léopoldville kwa kampuni ya Opika, na watu wakampa lakabu ya Mhawaii. Lakabu hiyo huhusishwa na namna alivyozifunga na kuzipatanisha nyuzi za gitaa lake hata likatoa mlio mwembamba, mkali, wenye kung'aa. Alirekodi kwa muda mfupi tu, kisha akaondoka jukwaani. Lakini waliomfuata walikuwa wamekwisha sikia. Mmoja wao ni Nicolas Kasanda, ambaye dunia inamjua kwa jina la Dr. Nico, aliyezaliwa Kasai mwaka 1939 na kufariki mwaka 1985. Katika bendi ya African Fiesta, iliyoundwa mwaka 1963, Nico hakuridhika na lakabu; alilipiga gitaa la Hawaii lenyewe, akauingiza mteremko wake katika rumba ya Kilingala. Katanga, kwa upande wake, ilikuwa na Mwenda Jean Bosco, aliyerekodiwa na Tracey mwaka 1952 mjini Jadotville, akiimba Kiswahili cha migodini kwa gitaa kavu la kidole gumba na cha shahada.

Ukimweka Bosco mbele ya Nico, unapata somo zima la uhakiki. Gitaa la Bosco hudondoa: kila sauti ina mwanzo wake na mwisho wake, kama punje za ulezi zinazomwagwa katika ungo. Gitaa la Nico, anaposhika chuma, huunganisha: sauti hutoka katika sauti, na msikilizaji hajui ni wapi moja imekwisha. La Bosco linafaa kwa hadithi, kwa sababu linaacha nafasi ya neno. La Nico linafaa kwa hamu, kwa sababu linasema lile ambalo neno limeshindwa kulisema. Simpendelei mmoja dhidi ya mwingine. Ninachosisitiza ni kuwa mbinu iliyoanza kwa kijana wa Laie haikubaki kuwa ya Laie. Ilipofika Kongo ilipata kazi nyingine. Wanaodai kuwa muziki huu ni wa kuazima, na kwa hiyo hauna thamani, wanasahau kuwa gitaa lilikuwa la kuazima hata Hawaii. Swali la mhakiki si nani aliazima, bali aliyeazima alirudisha nini.

Twaweza basi kuifuata njia hii kutoka mkono hadi mkono: Kekuku, Ferera, Hoopii, Jhimmy, Nico. Kila mmoja ana jina, na kila jina lina kazi ya kupimwa. Lakini tukifika juu ya uwanda wa Ufipa na kuuliza, nani aliimba hapa, jibu tunalopewa mara nyingi ni "Wafipa". Hakuna kabila linaloimba kwa kinywa kimoja. Daima yupo anayeanza na wapo wanaoitikia; yupo mwenye sauti inayowanyamazisha wengine, na yupo aliyetunga ubeti ambao kijiji kizima kimeuchukua. Huyo ndiye msanii, na huyo ndiye tusiyemjua.

Wala si kwamba Ufipa ni nchi maskini wa sanaa. Ilikuwa na falme mbili, Nkansi na Lyangalile, na kabla yao Milansi, ambayo heshima yake ilidumu hata baada ya nguvu zake kwisha. Wafua chuma wake walijenga matanuri marefu ya udongo, baadhi yakizidi urefu wa mita 3, na watafiti walioieleza kazi hiyo wanasema tanuri lilipambwa na kutendewa kama bi harusi, kwa dawa, kwa miiko na kwa nyimbo. Tuufikirie ushairi uliomo katika jambo hilo: chuma ni mtoto, tanuri ni mama, na anayeimba ni mkunga. Watu wenye taswira kama hiyo hawahitaji kufundishwa na yeyote maana ya fumbo. Roy Willis, mwanaanthropolojia aliyekaa Ufipa katika miaka ya 1960, alichapisha mwaka 1978 kitabu kizima juu ya sanaa simulizi ya Wafipa, na jina la kitabu hicho kwa Kiswahili lingekuwa "Palikuwa na Mtu Mmoja". Ni mwanzo wa hadithi tunaoujua sote. Katika hadithi, mtu mmoja asiye na jina ni kila mtu, na hilo ni jema. Katika santuri na katika mkanda wa redio, mtu mmoja asiye na jina ni mtu aliyesahauliwa.

Iliyokuwa Redio Tanzania Dar es Salaam ilifanya kazi ya kusifiwa ya kurekodi ngoma za mikoani baada ya uhuru, na mikanda yake ni hazina ya taifa. Lakini mazoea ya kuitambulisha ngoma kwa kabila, si kwa mwimbaji, yaliwazoesha wasikilizaji kudhani kuwa msanii wa dansi na wa taarabu ni mtu, na msanii wa ngoma ni umati. Sisi wa pwani tumefaidika na dhana hiyo bila ya kuihoji. Mshairi wetu hawezi kuufunga utungo bila ya kutia jina lake, au la baba yake, au lakabu yake, katika beti ya tamati. Hata katika ukurasa wa mashairi wa gazeti, mtunzi huweka jina na mji wake, na mara nyingine sanduku lake la posta. Tungemcheka mhariri ambaye angechapa shairi na kuandika chini yake, "limetungwa na Wapemba". Mbona basi hatushtuki tunapoambiwa kuwa wimbo umetungwa na Wafipa? Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni.

Huenda msomaji akauliza, jina lina faida gani kwa wimbo ambao tayari umehifadhiwa? Kisa cha Tau Moe na Rose kinajibu. Mwaka 1929 walirekodi santuri mjini Tokyo wakiwa vijana katika kundi la Madame Riviere. Miongo kadhaa baadaye mpiga gitaa wa Marekani, Bob Brozman, aliyekuwa akizipenda santuri za aina hiyo, alikutana na Tau Moe aliyekuwa bado hai, amerejea Hawaii. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wakaketi pamoja, wakazirekodi upya nyimbo za ujana ule, na Rose, akiwa amekaribia au kufikia umri wa miaka 80, akaimba tena. Jina lilikuwa kamba. Aliyeivuta alimkuta mtu upande wa pili. Kadhalika, Gabby Pahinui aliporekodi mwaka 1946 wimbo wa Hiilawe kwa Kihawaii na kwa gitaa la nyuzi zilizolegezwa, aliwapa vijana wa miaka ya 1970 mwalimu wa kumrudia walipoamua kuitafuta lugha yao. Mwaka 1978 Kihawaii kikatambuliwa katika katiba ya jimbo kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Santuri peke yake haikuleta ushindi huo, lakini bila ya santuri zenye majina, vijana wale wangekuwa na hamu pasi na njia.

Kwa hiyo, yeyote atakayepanda tena Ufipa na chombo cha kurekodi, awe mtafiti, mtangazaji au mjukuu mwenye simu mkononi, ana mambo manne ya kuyapata kabla ya kuondoka. Aandike jina kamili la anayeanza wimbo, kwa ridhaa yake, na majina ya wanaoitikia. Aandike kijiji, mwaka na shughuli: kama ni kusaga, kupura, kuoa au kuzika. Ayaandike maneno kwa Kifipa kama yalivyotamkwa, na tafsiri ya Kiswahili kando yake. Na amuulize mwimbaji mwenyewe fumbo limefichwa wapi, kisha akubali ikiwa mwimbaji atacheka na kukataa kusema. Majarida kama haya yana deni lao pia: yachapishe tungo hizo kama yanavyochapisha mashairi ya pwani, maneno yakitangulia na maelezo yakifuata, na jina la mtunzi likikaa chini ya beti za mwisho, mahali pake pa haki.